Namna ya kutambua mabaki ya kiwavi aliyeuawa na nyigu ndani ya bua la mhindi

Mkulima anayepasua bua lililotobolewa na bungua, yaani kiwavi wa nondo alaye bua kwa ndani, mara nyingi hukuta kando ya kiwavi aliyesinyaa rundo la vitu vyeupe, vidogo kama punje za mchele, vilivyoshikana kwa nyuzi laini mfano wa pamba, naye huviponda akidhani ni mayai ya mdudu huyo. Hayo si mayai, kwa kuwa anayetaga ni nondo, wala si kiwavi. Ni vifukofuko vya nyigu mdogo aitwaye Cotesia, na kuviponda ni kumwua mlinzi wa shamba.

Chagua mhindi wenye matundu yanayotoa unga wa kinyesi, ukate bua karibu na ardhi, kisha ulipasue taratibu kwa urefu ili yaliyomo yasivurugike. Nyigu jike huingia katika handaki lililochimbwa na kiwavi ndani ya bua na kutaga ndani ya mwili wa kiwavi. Mabuu yake humla kwa takriban wiki mbili, hutoboa ngozi, na kusokota vifukofuko papo hapo. Cotesia sesamiae ni mwenyeji wa Afrika, ilhali Cotesia flavipes aliletwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kutoka Pakistan, akaachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993 ili amkabili Chilo partellus, bungua aliyetoka Asia.

Usitegemee rundo peke yake. Kiwavijeshi vamizi, aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016, hushambuliwa na Cotesia icipe, ambaye huacha kifukofuko kimoja tu. Ukikuta kifukofuko cha namna hiyo, tafuta mabaki ya kiwavi karibu yake, kwa maana hata mwili ukikauka, gamba la kichwa husalia, na juu yake huonekana alama ya Y iliyopinduliwa.

Kiwavi aliyekufa kwa virusi hulegea, huning'inia na kutoa majimaji. Aliyekufa kwa kuvu hukakamaa na kufunikwa na unga mweupe au wa kijani. Hao hawana vifukofuko. Pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo, ya nondo aliyekwisha kutoka hupasuka upande wa kichwani, bali iliyoliwa na nyigu huwa na tundu la mviringo.

Vifukofuko navyo vikaguliwe kwa kioo cha kukuzia. Kilichofunguliwa nchani kwa kifuniko nadhifu kimetoa Cotesia. Chenye tundu la ubavuni lenye kingo zilizochanika huenda kimetoa nyigu mwingine, anayemla huyo huyo rafiki yetu, na jambo hili ni la kuandikwa katika daftari.

Vilivyo vizima viweke kwenye chupa yenye mdomo mpana, uifunike kwa kitambaa chepesi na kuiacha kivulini. Baada ya takriban wiki moja watatoka nyigu weusi wenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Wafungulie asubuhi katikati ya mahindi.