Ukiona taa ya ajabu juu ya Pemba

Mimi mgonjwa wa visahani vya angani tangu utotoni, na naamini hatuko peke yetu. Ndiyo maana nakagua kwanza.

Ukiwa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, usikimbilie simu. Fumba jicho moja, ilinganishe taa na ncha ya mnazi kwa dakika chache. Haisogei, na iko upande wa machweo baada ya sala ya Magharibi? Yaelekea ni sayari ya Zuhura, mdanganyifu kuliko wote. Inakwenda kimya, haimetimeti, kisha inafifia katikati ya anga? Huenda ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita kama 400 juu, kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Kinazunguka kwa dakika kama 90, kwa hiyo vuta subira, pengine kitapita tena. Nyota zilizojipanga kama shanga ni setelaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Taa za chini baharini? Wavuvi wa dagaa, basi.

Andika saa, upande na muda. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 za vitu vya ajabu angani kati ya 1947 na 1969. 701 zilibaki bila maelezo. Hizo ndizo zinazoninyima usingizi.

Ukiwasimulia majirani, usitaje popobawa, yule jini wa usiku anayeogopwa huku. Hawatatoka nje kukusaidia kutazama.