SOMO: Choo na maji machafu kwenye gari ya kulala, Unguja na Pemba

Swali ni lile lile tangu kusi ianze: "Tukilala na gari Michamvi au Vumawimbi, choo tunafanyaje?" Kila mara linajibiwa vipande vipande, halafu wiki ya pili linaulizwa upya. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kwanza mjue kwa nini miongozo ya choo kikavu (kisichotumia maji) iliyoandikwa Ulaya na Marekani inatupoteza. Wao wanapangusa kwa karatasi, sisi tunatamba, yaani tunachamba, kwa maji. Halafu wao wana udongo wa kuchimba. Huku, mashariki na kusini ya Unguja, Matemwe mpaka Makunduchi, na kingo za mashariki na kaskazini za Pemba, ni maweni: jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, juu yake udongo kidogo wa kuoteshea mhogo. Jiwe lile halichuji. Unachomwaga juu kinashuka kama maji kwenye pakacha, kinaingia kisimani au kinachuruzika ufukweni maji yakipwa, pale pale kina mama walipofunga mwani. Kwa hiyo msingi ni mmoja: maweni hakimwagwi wala hakizikwi kitu chenye kinyesi, sabuni au mafuta. Kinabebwa.

Hatua ya 1. Nendeni kwa sheha, kiongozi wa shehia, kabla ya kuegesha. Mseme mko wangapi na mtalala siku ngapi. Yeye ndiye atakayewaonyesha kisima na pango la maji viko wapi.

Hatua ya 2. Egesha juu, nyuma ya mimea, kwenye njia ambayo tayari inapitwa na gari. Mchangani usiingie.

Hatua ya 3. Hesabu maji. Watu wawili lita 20 kwa siku zinatosha: 8 za kunywa, 4 za kupikia, 3 za vyombo, 5 za kuoga kwa kopo. Ya kutambia hayamo humo. Madumu ya lita 20 yanayojazwa tena, si katoni za chupa.

Hatua ya 4. Choo. Hii someni taratibu.

Vifaa: ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, kidumu cha lita 5 chenye faneli pana, cha mkojo, beseni dogo na kidumu kingine cha lita 5, kiandikwe KUTAMBA kwa rangi ili kisije kikachanganywa na cha maji, na nusu gunia la unga wa makumbi, yale maganda ya nje ya nazi. Unga wa makumbi ni ule mwekundu unaodondoka makumbi yanapopondwa. Uanike jua mbili, uchekeche, uchanganye na jivu la kuni: makopo matatu ya unga kwa kopo moja la jivu. Unga unanyonya maji, jivu linafukuza nzi.

Tandika unga vidole vinne chini ya ndoo. Haja ndogo kwenye faneli, haja kubwa kwenye ndoo. Ukimaliza, USITAMBE JUU YA NDOO. Sogea kwenye beseni, tamba hapo, maji yaende kwenye kidumu chake. Kisha mwaga kopo moja na nusu la unga mpaka kinyesi kisionekane kabisa, funika.

Kutamba juu ya ndoo ndiko nilikokosea mimi, na ndiko wanakokosea wote. Kutamba mara moja ni nusu lita hadi lita. Wawili kwa siku tatu mmeshatia lita nne tano ndani ya ndoo. Unga unalowa, hewa inakosa pa kupita, na kinyesi badala ya kukauka kinaanza kuvunda. Siku ya pili inakuja harufu ya yai viza, baadaye funza, halafu mna ndoo nzito inayochezacheza kila gari ikipita shimo. Ikishafika hapo kuongeza unga ni kutengeneza uji. Mkojo nao hivyo hivyo: ukiingia kwenye ndoo ndio unaotoa ile harufu kali inayochoma macho. Vikikaa mbalimbali, ndoo ya watu wawili inakwenda siku nne au tano bila harufu ya maana.

Tahadhari tatu. Usichukue makumbi yaliyofukuliwa pwani, yale yaliyozikwa kwenye matope ili yatoe usumba wa kamba: yana maji, yana chumvi, na yananuka yenyewe kabla hujayatumia. Usitumie mchanga wa pwani badala ya unga; haunyonyi, unaongeza uzito tu, na mchanga wetu wenyewe unaisha. Tatu, zile dawa za bluu za vyoo vya magari ya Ulaya acheni dukani. Baadhi zina fomaldehaidi, na ukienda kumwaga kwenye shimo la choo la mtu unaua vijidudu vinavyolifanya shimo lake lifanye kazi.

Hatua ya 5. Maji ya vyombo. Futa sufuria na sahani kwa chicha kabla maji hayajagusa. Mafuta yaliyobaki yaingie kwenye chupa. Chuja maji kwa kipande cha kanga kikuukuu, tia kwenye dumu lake, na yasilale zaidi ya siku moja. Ya siku mbili yananuka kuliko choo. Pahala penye udongo, yamwage kwenye shina la mgomba au mnazi, leo huu kesho ule. Maweni, yanakwenda na gari.

Hatua ya 6. Kuzika. Kwenye udongo mzito tu: Kizimbani, Donge, Mwera na mashamba yote ya upande ule, au magharibi ya Pemba. Kwa ruhusa ya mwenye shamba. Shimo la sentimita 60, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, fukia, weka jiwe juu kuku wasifukue. Maji ya kutambia yana vijidudu sawa na kinyesi, nayo yanahitaji shimo lake pembeni. Pemba angalieni mteremko: juu ya kilima pazuri kuchimba, lakini mvua ya masika inashusha kila kitu kwenye bonde la mpunga. Na kanuni ya mita 30 ni ya udongo. Maweni ufa haupimi mita.

Kama huna shamba wala ruhusa, ndoo inarudi nyumbani kwenu.

Hatua ya 7. Taka isiyooza yote irudi mjini. Vijijini usitegemee gari ya taka ije kukuchukulia.

Hatua ya 8. Taa za nje zizimwe, mapazia yafungwe. Mtoto wa kasa akitoka shimoni anafuata penye mwangaza, na mwangaza unatakiwa uwe bahari, si dirisha lako.

Anayesema juu ya jiwe haiwezekani aangalie kisiwa cha Chumbe: vyoo vya mboji, maji ya mvua kutoka kwenye mapaa, na maji ya kuogea yanapitishwa kwenye mimea. Na wao wamekaa juu ya matumbawe matupu.

Maswali hapa chini.

---

Haisi Nyeupe: Shukrani sheikh. Sijamaliza kusoma ila nauliza, si nimwage tu baharini usiku? Bahari kubwa.

Mwandishi: Maliza kusoma.

Haisi Nyeupe: Nimesoma. Bado naona bahari ni kubwa, na sabuni yangu imeandikwa inaoza.

Mwandishi: Paje na Jambiani mbele yako si bahari kubwa. Ni maji ya ndani ya mwamba. Yakipwa unatembea kwa mguu. Ulichomwaga kinazunguka hapo hapo. Na sabuni inayooza inaozeshwa na vijidudu vya udongoni. Ukiitia baharini inaoza polepole zaidi.

Bi Mwani: Ahsante mwanangu kwa kututaja. Niongeze: maji yakipwa watu wanaona uwanja mweupe wanaingia na gari kupiga picha. Vijiti vya mwani haviko juu, vimebaki kidogo tu, na kamba zimelala. Tairi moja ikipita, kamba nzima imekatika.

Mwandishi: Bi mkubwa, nimeandika mchangani wasiingie lakini sikusema kwa nini. Sababu ni hiyo uliyosema, na nyingine ni kwamba alama ya tairi kwa mtoto wa kasa ni handaki. Anaingia, anaifuata, hafiki majini, asubuhi kunguru wanamkuta.

Kijana wa Kariakoo: Mkuu nakuja na Noah toka Dar. Nije na jenereta ndogo? Nina friji ya gari. Pia mtungi wa gesi.

Mwandishi: Mtungi, uliza wakala wa meli kabla hujakata tiketi. Ule mdogo wa kilo 6 unapatikana huku. Na mifuko ya plastiki usije nayo, Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, kabla ya Bara 2019. Jenereta acha. Friji ndogo ya kompresa inakula kama wati-saa 400 kwa siku. Paneli ya wati 200 kwa jua la saa tano, ukitoa hasara, inakupa kama 700. Betri ya lithiamu ya volti 12, amp-saa 100, inakuvusha usiku na asubuhi ya mawingu. Betri ya kawaida ya asidi ya ukubwa huo ihesabu nusu tu, ukiikausha zaidi inakufa mapema. Masika usitegemee hata nusu ya hesabu hiyo. Funga friji, kula samaki wa siku.

Kijana wa Kariakoo: Paneli naiweka juu ya paa moja kwa moja?

Mwandishi: Acha nafasi ya vidole viwili chini yake hewa ipite. Paneli ikipata moto inazalisha kidogo. Na uifute kwa maji baridi ya kisima asubuhi. Chumvi ya upepo inaweka ukungu usiouona.

Ustadh wa Konde: Swali langu ni udhu. Wawili, vipindi vitano. Lita 20 zako hazimo.

Mwandishi: Kweli hazimo, na swali zuri. Kwa birika lenye mdomo mwembamba lita moja inamtosha mtu, kwa hiyo hesabu lita 10 zaidi kwa siku. Maji hayo hayana sabuni wala mafuta, mwaga kwenye mti wowote, hata maweni.

Ustadh wa Konde: Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi, nayo haifiki robo tatu ya lita. Kwa hiyo lita moja ni ya mtu mwenye israfu! Na mkiwa pwani, maji ya bahari ni twahara. Tawadheni hapo, mrudi na kikombe kimoja cha kuondoa chumvi usoni.

Mwandishi: Umetuokolea dumu zima kwa siku mbili. Wengine someni hii.

Mama Wawili: Pampasi je? Mtoto wangu ana miezi minane. Si nizichome tu?

Mwandishi: Usichome dada. Ile ni plastiki, na yale madonge ya ndani yamejaa maji hayashiki moto. Unabaki na moshi na nusu pampasi. Kinyesi chake kikung'ute kwenye ndoo ya choo, pampasi ikunje, tia ndoo yenye kifuniko pamoja na kijiko cha jivu, rudi nayo mjini. Mchana ukiwa umekaa mahali pamoja tumia nepi za kitambaa, jua la huku linakausha kwa saa mbili. Maji ya kufulia nepi yanakwenda na yale ya kutambia, si ya vyombo.

Haisi Nyeupe: Mkojo nao nibebe? Si umezidi sasa.

Mwandishi: Wawili mnatoa kama lita tatu kwa siku. Changanya kopo moja kwa makopo kumi ya maji, mwagia minazi penye udongo, kila siku mnazi mwingine. Ukimwaga maweni pahala pamoja wiki nzima unaotesha majani ya baharini yasiyotakiwa.

Mwanafunzi wa Mboji: Baada ya kuzika, ile mboji inafaa kwa mboga? Na ninaweza kuiweka kwenye pipa badala ya shimo?

Mwandishi: Pipa ni bora kuliko shimo, umefikiri vizuri. Toboa matundu ubavuni kwa hewa, liweke kivulini juu ya udongo, tabaka la ndoo kisha tabaka la majani makavu. Likijaa, acha mwaka mzima bila kuongeza kitu; hapo mayai ya minyoo ndipo yanapokufa. Ikiwa tayari inanuka kama udongo wa msituni na huoni kipande. Itie kwenye migomba na michungwa. Mchicha na bilinganya hapana. Ukiikamata ikatoa maji, imelowa: geuza, ongeza makumbi.

Mpemba wa Ngezi: Hapa kwetu watu wanalala na gari Vumawimbi, wanakuta kuni za mvinje chini wanawasha. Yale majani yake makavu yakishika moto hayazimiki upesi. Na mikoko wanakata hivi hivi.

Mwandishi: Yakhe umesema. Gesi kwanza. Anayetaka moto wa kuchomea samaki aokote vifuu, vinatoa kaa safi lisilo moshi mwingi, awashe kwenye karai si chini. Mkoko hata mkavu usiguswe.

Haisi Nyeupe: Sawa nimekubali. Swali la mwisho: nitajuaje maji yatafika wapi usiku nisije nikaelea?

Mwandishi: Hili ndilo ungeliuliza mwanzo. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ufukweni; ule wa juu kabisa ndio wa bamvua, yaani maji makubwa. Mwezi mchanga na mwezi mpevu tofauti ya kupwa na kujaa inafika mita nne, kwa hiyo ukifika siku za maji mafu, yasiyojaa sana, mstari mbichi unakudanganya. Kaa juu ya ule wa zamani, penye majani yaliyoota.

Mpemba wa Ngezi: Na asiegeshe chini ya mnazi.

Mwandishi: Hiyo nimeisahau. Naiongeza hatua ya 2.