SOMO: Ukumbi mzuri wa muziki wa laivu na vichekesho, hatua kwa hatua

Habari zenu wakuu. Swali linalorudi kila mara ni: "Nafungua ukumbi, ninunue spika gani?" Swali hilo huja mapema mno. Kumbi nyingi zinazopooza zina spika nzuri tu. Kinachoziua ni chumba chenyewe, namna watu walivyopangwa ndani yake, na kelele ndogo ndogo ambazo hakuna aliyezishughulikia. Ukumbi mzuri ni ule unaowaweka msanii na watazamaji karibu kiasi cha kusikia hata mguno wa mtu wa mstari wa pili. Kwa hiyo somo hili linaanza na chumba, linakwenda kwa watu, na vifaa vinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Sikiliza chumba kikiwa kitupu

Simama pale atakaposimama msanii, piga kofi moja kali, kisha nyamaza. Kofi likikatika papo hapo, chumba ni kikavu. Likiacha mkia mrefu, sauti inakawia hewani. Ukisikia mtetemo wa "trrr", kuta mbili tupu zinatazamana na zinarushiana sauti. Ukisikia kofi la pili lililojitenga kabisa, kuna ukuta mgumu kwa mbali. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na ikirudi imechelewa kupita kama milisekunde 50, sikio huanza kuihesabu kuwa sauti nyingine. Hiyo ni safari ya mita 17 kwenda na kurudi, yaani ukuta ulio mita 8 na nusu tu kutoka ulipo. Rudia zoezi hilo katikati ya chumba, nyuma na kwenye kona.

Elimu hii ina mwanzo wake. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilikawia hewani zaidi ya sekunde 5, hata maneno ya mhadhiri yakawa yanapandana. Usiku alikuwa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapima, kisha anairudisha. Akabaini kwamba muda wa sauti kukawia unategemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu vinavyoinyonya. Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, ilijengwa kwa kutumia hesabu zake, na hadi leo inatajwa miongoni mwa kumbi bora duniani kwa muziki wa okestra.

Okestra hupendeza sauti ikikawia karibu sekunde 2. Bendi yenye ngoma na magitaa ya umeme inahitaji kama sekunde 1 au pungufu, kutegemea ukubwa wa chumba. Vichekesho vinataka chumba kikavu zaidi, kwa sababu kichekesho kizima kinaning'inia kwenye neno la mwisho. Neno hilo likimezwa, msanii amekwisha.

Hatua ya 2: Tibu kuta na dari, hasa kwa ajili ya besi

Mapazia mazito yenye mikunjo mingi, yaliyoachwa mbali kidogo na ukuta, yanafanya kazi kubwa. Viti vya kitambaa pia. Watu wenyewe hunyonya sauti sana, ndiyo maana chumba kinachopiga kelele mchana wakati wa majaribio hutulia usiku kikijaa.

Besi ni kesi nyingine. Wimbi la sauti la hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 3.4. Sponji ya sentimita 5 haina habari nalo. Ukibandika sponji nyembamba kila mahali unaua sauti za juu peke yake, unabaki na ngurumo isiyoeleweka, na watu wanatoka wakisema "muziki mkubwa lakini hatukusikia maneno". Besi inataka vinyonyaji vinene, na kona ndipo pa kuanzia maana ndiko inakojikusanya.

Jihadhari pia na kuta na dari zilizopinda kwa ndani. Royal Albert Hall ya London ilifunguliwa mwaka 1871 ikiwa na kuba kubwa linalokusanya sauti na kuirudisha chini. Mwangwi ule ulisumbua kwa karibu miaka 100, hadi mwaka 1969 yalipotundikwa masahani ya faibaglasi chini ya dari.

Hatua ya 3: Wabane watu

Hapa ndipo ukumbi unapopona au kufa, na naomba mnisikilize vizuri.

Kicheko huambukiza. Mtu hucheka zaidi akisikia jirani yake anacheka, na jirani akiwa umbali wa viti vitatu vitupu, hamsikii. Watu 80 kwenye chumba cha watu 80 ni usiku wa kukumbukwa. Watu hao hao 80 wakitawanyika kwenye ukumbi wa 300 wanakuwa watazamaji wanaoonana aibu. Kwa hiyo jaza viti vya mbele kwanza, na awepo mtu mlangoni anayewapeleka wageni hadi kwenye kiti, usiwaache wajichagulie, kwa maana wote watakimbilia nyuma. Ukumbi ukiwa mkubwa kuliko tiketi zilizouzwa, vuta pazia ukate sehemu ya nyuma. Ondoa viti vya ziada kabisa. Kiti kitupu kinachoonekana kinaongea.

Meza za duara zinapendeza kwa harusi. Kwenye vichekesho zinawageuza nusu ya watu kulipa kisogo jukwaa. Geuza viti vyote vitazame mbele. Usiweke njia ya kupita katikati, kwani hapo ndipo msanii anapotazama zaidi, na unampa sakafu badala ya nyuso. Weka njia pembeni.

Dari fupi husaidia sana. Kicheko kinagonga dari na kuwarudia watu mara moja, nao wanajisikia kuwa wengi. Kwenye dari refu kinapanda na kupotea, na mchekeshaji anabaki kusubiri kitu ambacho hakimfikii. Comedy Cellar, klabu ya vichekesho ya New York, iko chini ya ardhi na dari lake ni fupi. Village Vanguard, klabu ya jazi ya mji huo huo iliyofunguliwa mwaka 1935, nayo iko chini ya ardhi, ina umbo la kabari na inachukua watu 123 tu. Bado wanajazi wakubwa wamerekodi albamu zao pale.

Hata ukumbi mkubwa unaweza kuwa wa karibu. Philharmonie ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1963, iliweka okestra kuelekea katikati na watazamaji wakaizunguka pande zote, badala ya kurefusha chumba kwenda nyuma.

Hatua ya 4: Jukwaa na taa

Jukwaa la vichekesho lisiwe refu. Kimo cha goti kinatosha kama watu wameketi. La bendi, pale watu wanaposimama, linaweza kufika kiunoni au juu kidogo, la sivyo wa nyuma wataangalia visogo tu. Kaa kwenye kiti kibaya kuliko vyote mwenyewe. Usipomwona msanii kutoka hapo, usikiuze.

Watazamaji wawe gizani, uso wa msanii uwe kwenye mwanga unaotoka mbele kwa juu. Watu hucheka kwa uhuru wasipoonekana. Lakini mwache mchekeshaji aone mistari miwili ya mbele. Anahitaji macho ya kuongea nayo.

Hatua ya 5: Ua kelele ndogo

Kaa kimya dakika chache ukumbi ukiwa mtupu, vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Friji, feni, kiyoyozi, mlango wa choo unaogonga, blenda ya kaunta. Kaunta isiwe ubavuni mwa jukwaa. Wahudumu wachukue oda mapema na wapite wameinama, na bili zisigawiwe wakati msanii mkuu yuko kwenye dakika zake za mwisho. Nimeona hilo likiua maonyesho mazuri: watu wanashika simu kumulika karatasi, wanahesabu, wananong'onezana nani alipe nini, na kule mbele mtu anasema maneno aliyoyanoa mwaka mzima.

Hatua ya 6: Sasa nunua vifaa

Spika ziinuliwe juu ya vichwa na zielekezwe kwa watu, siyo kwenye kuta. Chumba kirefu kinahitaji spika za ziada nyuma, na hizo lazima zicheleweshwe kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). Spika iliyo mita 20 kutoka zile kuu inacheleweshwa kama milisekunde 58, ili sauti mbili zifike sikioni pamoja.

Umeme wa sauti utenganishwe na wa taa na mafriji. Mngurumo ukisikika kwenye spika, tafuta chanzo. Usikate kamwe pini ya ethi (ile inayopeleka umeme ardhini) kwenye plagi ili kuunyamazisha. Mwimbaji aliyeshika gitaa huku mdomo ukigusa maiki anaweza kufa.

Kuhusu ukubwa wa sauti, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi: wastani wa kila dakika 15 usizidi desibeli 100, kipimo kisomwe muda wote, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzisha masikio.

Hatua ya 7: Milango

Tarehe 28 Novemba 1942 moto ulizuka kwenye klabu ya Cocoanut Grove, Boston. Watu 492 walikufa. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa msukumano, na milango mingine ilikuwa imefungwa. Milango yako ya dharura ifunguke kwa nje, isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani, na isizibwe na makasha ya vifaa. Kagua kila usiku kabla ya kuruhusu watu kuingia.

Hatua ya 8: Nyuma ya jukwaa

Chumba chenye kufuli, kioo, maji, choo kisicho cha wageni. Malipo mkononi usiku huo huo. Wasanii huambiana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpiga Kinanda: Shukrani kwa somo, mkuu. Sisi tumebandika trei za mayai ukuta mzima na juu yake sponji ya magodoro. Inatosha?

Jibu: Ziondoe leo, ndugu yangu. Trei za mayai hazinyonyi cha maana na hazizuii sauti isitoke nje. Sponji ya godoro ni hatari zaidi. Februari 2003, kwenye klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Watu 100 walikufa, na wengi walikuwa wamekimbilia mlango ule ule walioingilia. Tumia pamba ya madini iliyofunikwa kitambaa kisichoshika moto kirahisi, na fataki za ndani uzisahau.

Mchekeshaji Chipukizi: Mwalimu, nikipiga shoo sehemu nyingine watu wanavunjika mbavu, ila ukumbi mmoja kila nikienda ni kimya. Kosa langu?

Jibu: Kama maneno ni yale yale na ukimya unakukuta pale tu, anza na chumba. Fika mapema, omba taa za watazamaji zizimwe, sogeza mstari wa kwanza hadi karibu miguuni mwa jukwaa, na mwombe MC awahamishe watu wa nyuma kabla hujaitwa. MC akiwaomba kwa heshima wanakubali. Wewe ukiwaomba ukiwa jukwaani umeshapoteza dakika zako mbili za kwanza.

Mama Kwaya: Maiki zetu zinapiga kelele za "wiii" tukiongeza sauti kidogo tu. Tubadilishe mikisa?

Jibu: Hapana, dada. Maiki nyingi za kuimbia husikia mbele na ni kiziwi upande wa nyuma, kwa hiyo monita (spika inayomwelekea mwimbaji ajisikie) iwekwe kule nyuma ya maiki. Spika kuu ziwe mbele ya waimbaji. Waimbaji wasogee karibu na maiki badala ya ninyi kuongeza sauti, na wasikumbatie kile kichwa cha wavu kwa kiganja. Ukikifunika, maiki inaanza kusikia pande zote na ndipo inalia.

Mmiliki Mpya: Majirani wananilalamikia besi. Mapazia hayakusaidia.

Jibu: Hayawezi. Mapazia yanatibu sauti ya ndani. Kuizuia isitoke kunataka uzito na kuziba nyufa. Anza na mlango: weka miwili yenye nafasi katikati, ili mmoja uwe umefungwa mwingine ukifunguliwa. Ziba matundu ya madirisha na ya nyaya. Subwoofa (spika ya besi) itenganishwe na sakafu kwa mpira mzito, maana besi husafiri ndani ya zege. Kisha nenda nyumbani kwa jirani usiku bendi ikiwa inapiga, usikilize ukiwa sebuleni kwake, na mwachie namba ya simu inayopokelewa. Na ukiona jengo la makazi linapangwa kando yako, peleka hoja zako mapema. England, kwa mfano, tangu mwaka 2018 mwongozo wa mipango miji unamtaka anayejenga karibu na ukumbi uliopo ndiye achukue hatua za kukabili kelele.

Fundi Taa: Chumba kimoja kinaweza kubeba bendi Ijumaa na vichekesho Jumamosi?

Jibu: Kinaweza, kama kinageuzika. Weka mapazia kwenye reli: yafungue kiasi siku ya bendi, yavute yote siku ya vichekesho. Viti viwe vya kubebeka. Jukwaa liwe la vipande ili ulishushe na kulisogeza mbele, huku pazia jeusi likifunika ngoma nyuma ya mchekeshaji. Zima pia subwoofa siku hiyo, maneno hayaihitaji.