Kutoa upepo kwenye breki za gari nyumbani

Pedeli ya breki ikizama bila ya nguvu, kisha ikapanda ukiikanyaga mara mbili tatu harakaharaka, ndani ya mfumo mna upepo. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea, na nguvu ya mguu inapotelea humo kabla ya kufika kwenye magurudumu. Kuutoa unaweza nyumbani, ukiwa na mtu mmoja wa kukusaidia.

Visiwani usiishie kutoa upepo tu, toa na mafuta ya zamani yote. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na hewa ya Unguja na Pemba ina unyevu mwaka mzima. Kwa kiwango chake, mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi; yakishavuta maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230, kisha 155. Gari iliyojaa watu na mizigo, inateremka milima ya Pemba dereva akiwa kwenye breki muda wote, inaweza kuyachemsha mafuta yaliyochoka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea vilevile. Ndiyo maana inafaa kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 hata kama breki bado nzuri.

Tayarisha lita 1 ya mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi la breki, chupa iwe haijafunguliwa. Iliyofunguliwa ikabaki stoo tangu masika usiitumie. DOT 5 ya silikoni haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4. Oili ya injini au ya gia usitie hata tone: inavimbisha mipira yote ya mfumo, na hapo utabadilisha kila kitu. Tafuta pia spana ya ringi (nyingi ni namba 8 au 10), mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, chupa tupu ya maji, jeki na stendi zake, kipande cha ubao, na ndoo ya maji. Mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Yakidondoka, mwagia maji papo hapo.

Kabla ya yote, tafuta upepo umeingilia wapi. Kagua mipira inayopitisha mafuta ya breki, kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki), na nyuma ya dramu (breki ya duara iliyofunikwa). Ukiona majimaji, rekebisha hapo kwanza, la sivyo upepo utarudi.

Kazi inayowashinda wengi ni kufungua skrubu ya upepo, ile ndogo yenye tundu nyuma ya kalipa au dramu. Chumvi ya bahari inaigandisha, hasa pale kifuniko chake cha mpira kilipopotea. Isugue kwa brashi ya waya, tia oili ya kulegeza kutu, uiache usiku kucha. Asubuhi igonge kidogo kwa nyundo, kisha jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuifungua; kutu huachia kwa kwenda na kurudi. Usitumie spana ya mdomo wazi, itakula pembe. Ikianza kujipinda bila ya kuzunguka, acha, mpelekee fundi. Ikikatikia ndani utanunua kalipa.

Anzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli. Gari zetu nyingi usukani uko kulia, hivyo mara nyingi ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Baadhi zina mpangilio wake. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate.

Fyonza mafuta meusi ya kwenye tangi kwa bomba la sindano, tia mapya. Weka ubao chini ya pedeli isiguse sakafu: kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ya ndani isiyofikiwa siku zote huwa na kutu, na mipira ikipita hapo inachanika. Chomeka mpira kwenye skrubu, ncha nyengine izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa.

Sasa sauti. "Kanyaga!" Msaidizi anakanyaga polepole, anajibu "Nimeshika!" Fungua skrubu robo mzunguko. Pedeli inashuka, mafuta yanatoka na mapovu. Funga, ndipo useme "Achia!" Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani. Rudia hadi mafuta yatoke safi bila ya povu. Kila baada ya mikanyago mitano sita ongeza mafuta kwenye tangi. Yakiisha humo, unaanza upya magurudumu yote manne.

Ukimaliza, kaza skrubu kwa kiasi tu, rudisha vifuniko vya mpira, jaza tangi hadi MAX. Washa gari, kanyaga na ushikilie kwa dakika moja. Pedeli ikizama taratibu na hakuna panapovuja, mipira ya masta silinda imekwisha. Ikiwa inashuka mbali ndipo inakuwa ngumu, rekebisha viatu vya breki za nyuma. Ikibaki laini kwenye gari yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki), upepo huenda umenasa kwenye pampu yake, na huo unahitaji fundi mwenye mashine ya uchunguzi.

Jaribu kwanza kwa mwendo wa mguu, uwanjani. Mafuta ya zamani yafunge kwenye chupa, usiyamwage chini. Maji tunayokunywa yanatoka kwenye visima.