Somo: Kupima upakiaji wa msimbo wa papo hapo (hot reload) katika Flutter, zana ya kuundia programu

Swali la "nimebadilisha namba, nimebonyeza r, mbona skrini iko vilevile?" limejibiwa hapa mara nyingi mno, kwa hiyo naweka jaribio ambalo kila mmoja anaweza kujifanyia. Hiyo r ni herufi unayobonyeza kwenye dirisha la amri ili kupakia msimbo mpya programu ikiwa inaendelea.

1. Kwenye dirisha la amri andika `flutter create jaribio`, ingia kwenye folda hiyo, kisha `flutter run`.

2. Bonyeza kitufe cha kujumlisha hadi 7, badilisha maandishi yoyote ya skrini, hifadhi, kisha bonyeza r. Maandishi yatabadilika na 7 itabaki, kwa kuwa Dart, lugha inayotumiwa na Flutter, hupokea msimbo mpya bila kufuta hali iliyokwisha kujengwa. Wala `main()`, inayoanzisha programu, na `initState()`, inayoandaa hali ya mwanzo, haziitwi tena.

3. Nje ya klasi zote andika `var bei = 500;` na uionyeshe kwa `Text('$bei')`. Bonyeza R kubwa, inayoanzisha programu upya, na uione 500 kwa macho yako. Ndipo uandike 700 na kubonyeza r: itabaki 500 mpaka ubonyeze R. Tahadhari: usiruke kuiona hiyo 500. Dart hukokotoa thamani ya kigeu cha jumla pale tu kinaposomwa mara ya kwanza, hivyo ukikibadilisha kabla hakijasomwa, r itakuletea 700 nawe utahitimisha kinyume cha ukweli.

4. Rudia hatua ya 3 kwa `const` badala ya `var`. Safari hii r itaonyesha 700.

Swali: Nimefuata yote, haifanyi kazi.

Jibu: Hatua ipi, na dirisha la amri limeandika nini? Msimbo wenye kosa hukataliwa, na programu huendelea na ule wa zamani.

Swali: Mimi natumia `--release` (toleo la kupelekwa kwa watumiaji), r haifanyi lolote.

Jibu: Haiwezi. Ni ya hali ya debug (ya utengenezaji) pekee.

Swali: Samahani mwalimu, nitajuaje kwamba msimbo umepakiwa hata kama skrini haikubadilika?

Jibu: Umeuliza jambo la maana, ndugu yangu. Ndani ya klasi ya `State`, inayotunza hali ya skrini, andika `reassemble()` yako, inayoitwa kila r inapopakia msimbo, uanze na `super.reassemble()`, kisha `print('imepakiwa')`. Weka `print` nyingine katika `initState()`. Kila r itachapisha ya kwanza peke yake, ilhali R itachapisha ya pili.

Swali: Na nikigusa faili la Kotlin, lugha ya upande wa Android?

Jibu: Hapo hata R haitoshi, zima programu, uiendeshe tena kwa `flutter run`.