Kwenda Cape Wrath: panga kurudi kwanza

Cape Wrath ni rasi iliyo kwenye pembe ya kaskazini-magharibi kabisa ya Uskoti bara, katika wilaya ya kale ya Sutherland. Kwa Kiingereza jina hilo husomeka kama "ghadhabu", na anayefika siku ya dhoruba huona limestahili. Asili yake lakini ni neno la mabaharia wa kale wa Norwei, *hvarf*, yaani mahali pa kugeukia: jahazi lililotoka mashariki lilifika hapa likageuza omo kuelekea kusini.

Wengi wanaoharibikiwa na safari hii hawaharibikiwi genge la bahari likiwa mbele yao. Huharibikiwa gatini, au katikati ya kinamasi, kwa kuwa walipanga kwenda bila kupanga kurudi. Rasi haina barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine za nchi. Kati yake na kijiji cha Durness kuna hori liitwalo Kyle of Durness, na halina daraja. Kisha eneo kubwa la rasi ni uwanja wa mazoezi ya kijeshi. Kwa hiyo anza na maswali mawili: je, jeshi linatumia uwanja siku hiyo, na boti ya mwisho inarudi saa ngapi? Ukishayajibu hayo, mengine hujipanga.

Ratiba ya jeshi

Wizara ya Ulinzi ya Uingereza huutumia uwanja huu kwa kufyatua mizinga kutoka melini na kudondosha mabomu kutoka angani. Shabaha kuu ni kisiwa kidogo cha mwamba kiitwacho An Garbh-eilean, karibu na pwani ya kaskazini, mashariki mwa rasi. Saa za matumizi hutangazwa kwenye tovuti ya serikali na kubandikwa kijijini. Mazoezi makubwa kwa kawaida huangukia majira ya machipuko na ya vuli, na yanaweza kufunga njia siku kadhaa mfululizo. Angalia ratiba kabla ya kulipia malazi, kisha iangalie tena jioni ya kuamkia safari, maana hubadilika.

Mchana, bendera nyekundu maana yake usiingie. Usiku, taa nyekundu husema hivyohivyo. Ukikuta bendera imepandishwa kwenye ua wa mpaka, hata kama huoni askari wala husikii mlio, simama hapo. Na hata siku uwanja umefunguliwa, usiokote wala kupiga teke kipande chochote cha chuma kilicholala kwenye nyasi. Bomu lisilolipuka halionyeshi umri wake.

Kufika Durness

Kutoka mji wa Inverness hadi Durness ni kama kilomita 165, na kwa gari itengee safari hiyo saa tatu. Kuanzia mji wa Lairg sehemu kubwa ya barabara ni ya njia moja yenye vituo vya kupishana. Kanuni yake ni nyepesi: kituo kikiwa kushoto kwako, ingia humo, kikiwa kulia, simama barabarani mkabala nacho ili anayekuja akitumie. Aliye nyuma yako akiwa na haraka, mpishe. Usiegeshe gari kwenye kituo cha kupishana, hata kwa picha moja, kwa sababu ukiziba kimoja magari mawili hulazimika kurudi kinyumenyume hadi kingine. Kondoo hulala juu ya lami na hawana desturi ya kuhama.

Gati la kuvukia liko Keoldale, kama kilomita 3 kusini-magharibi mwa Durness. Kijijini kuna duka na kituo cha mafuta. Nunua chakula hapo, maana ng'ambo ya hori hakuna duka. Hata ukiambiwa utapata chai kwenye jengo la mnara wa taa ulio rasini, beba chakula chako kana kwamba hujaambiwa.

Boti na basi dogo

Hii ndiyo njia ya wengi. Boti ni ndogo, ya abiria na baiskeli tu, na huvuka kwa takriban dakika 10. Upande wa pili husubiri basi dogo la kwenda kwenye mnara wa taa kwa barabara mbovu ya maili 11, yaani kama kilomita 18. Mwendo huo mfupi huchukua karibu saa nzima, kwa sababu ya mashimo na kona. Ukijumlisha kuvuka, kwenda, kukaa na kurudi, tenga saa tatu hadi nne. Huduma huwapo takriban Mei hadi Septemba. Nje ya miezi hiyo usiitegemee.

Fika gatini kabla ya boti ya kwanza ya asubuhi. Viti vya basi ni vichache, na kundi moja kubwa likitangulia utasubiri mzunguko mwingine. Beba pauni taslimu, kwa kuwa mtandao wa simu pale si wa kuuamini, na nauli ya boti na ya basi zaweza kulipwa kwa watu wawili tofauti. Kabla ya kupanda, muulize nahodha mambo mawili: saa ya boti ya mwisho, na kama upepo au maji yanatishia kuikatisha. Hori hili lina mchanga mwingi. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, sehemu kubwa hubaki fungu jeupe na boti hubanwa kwenye mkondo mwembamba. Anayeutazama mchanga ule hushawishika kuvuka kwa miguu. Asijaribu: mkondo wa katikati hubaki na kina, maji yake ni baridi ya kukata pumzi, na yakianza kujaa huzunguka nyuma ya mtu kabla hajatambua.

Penye mnara, basi kwa kawaida husubiri chini ya saa moja. Kosa la kawaida ni kuanza na kikombe cha chai. Anza na genge, chai baadaye kama muda utabaki.

Kwa baiskeli

Boti hukubali baiskeli, na hapo unapata uhuru ambao basi halitoi. Hesabu saa mbili hadi mbili na nusu kila upande. Barabara ina kokoto, mabaki ya lami na vilima vingi vifupi, kwa hiyo matairi membamba ya mjini hayafai. Beba mipira ya ndani miwili, pampu, na kipande cha mnyororo. Upepo hapa hupenda kuvuma kutoka magharibi au kusini-magharibi: ukikuzuia wakati wa kwenda, utakusukuma wakati wa kurudi. Ukivuma kutoka mashariki, ongeza saa moja kwenye hesabu ya kurudi, kwa sababu ndiko boti iliko.

Kwa miguu kupitia Sandwood

Njia hii ni ya wazoefu wa ramani na dira. Huanzia maegesho ya Blairmore, karibu na Kinlochbervie.

1. Blairmore hadi ghuba ya Sandwood: kilomita 6.5 kwa njia iliyo wazi, kama saa mbili. Kusini mwa ufuo utaona nguzo ya mwamba iliyosimama baharini, Am Buachaille.
2. Vuka mto mfupi unaotoka kwenye ziwa la Sandwood. Maji ya mvua yakiwa mengi, au bahari ikiwa imejaa, pandisha juu zaidi kutafuta pembamba pa kina kidogo.
3. Kutoka hapo hadi kwenye mnara ni kama kilomita 12, bila njia. Tenga saa tano hadi sita, si tatu. Utavuka mto wa Strath Chailleach, kisha ua wa jeshi, kisha bonde la Keisgaig.

Udongo hapa ni mweusi, laini, unaonyonya maji kama sifongo. Rangi ndiyo kiongozi chako: nyasi za kahawia na magugu magumu ya heather hubeba mguu, zulia la kijani kibichi linalong'aa linaficha shimo la maji. Pima kwa fimbo kabla ya kukanyaga.

Mito ndiyo inayoamua. Baada ya usiku wa mvua kubwa, kijito cha kuvuka kwa kuruka mawe hugeuka mkondo wa kiunoni. Tafuta mahali mto unapotanuka, fungua mkanda wa begi kiunoni ili uweze kulitupa ukianguka, elekeza uso unakotoka maji, na shika fimbo mbele yako iwe mguu wa tatu. Maji yakipita magoti na yanaenda kwa kasi, rudi nyuma. Mito ya huku ni mifupi, na mvua ikikatika hupungua baada ya saa chache. Kusubiri kando ya mto si kushindwa.

Ukifika kwa miguu ukitarajia kurudi kwa basi, kumbuka kwamba waliokuja nalo ndio wenye viti. Kwa dharura kuna nyumba ya wazi ya wapitaji huko Kearvaig, ufukweni, kama kilomita 5 kabla ya mnara kwa anayetoka gatini. Haina umeme wala mlinzi, na hakuna anayeweza kukushikia nafasi. Beba mfuko wa kulalia, jiko dogo, na uondoke na taka zako.

Ukingoni

Mnara wa taa ulijengwa mwaka 1828 na mhandisi Robert Stevenson. Una urefu wa mita 20, na taa yenyewe iko mita 122 juu ya bahari. Tangu 1998 hujiendesha bila mlinzi. Ndani huingii, unachokifuata kiko nje, chini ya miguu yako.

Ukingo hauna uzio. Nyasi zimekatwa fupi na kondoo, na zikilowa huteleza kama sabuni. Baya zaidi, mahali pengi udongo umetokeza nje ya mwamba, ukaning'inia, na anayesimama juu hawezi kuona kwamba chini yake ni hewa tupu. Kaa mita 5 kutoka ukingoni. Ukitaka kuchungulia, chagua mahali ambapo mwamba wenyewe umejitokeza, vua begi, lala kifudifudi, kisha jongea. Upepo unaopanda genge hufika juu ukiwa umevurugika: unakusukuma nyuma, unatulia ghafla, na aliyekuwa ameuegemea anajikuta anaenda mbele. Siku unapolazimika kuinama ili utembee, tazama kutoka ukutani kwa mnara tu. Mpiga picha asirudi kinyumenyume. Mtoto ashikwe mkono, mbwa afungwe kamba.

Tazama mwamba pia. Ni gneiss ya Lewis, miongoni mwa miamba ya kale kabisa barani Ulaya, yenye mishipa ya waridi iliyopenya kwenye kijivu. Mashariki, kupita Kearvaig, ukuta hubadilika kuwa mchangamawe mwekundu na kupanda hadi Clò Mòr, mita 281, magenge ya bahari marefu kuliko yote Britania bara. Hayo huyaoni vizuri kutoka penye mnara. Anayeyataka atenge siku nzima, ashukie Kearvaig, na ahakikishe upya saa za jeshi, kwa sababu yako karibu kabisa na kile kisiwa cha shabaha. Anga ikiwa safi, kutoka rasini huonekana kisiwa cha Lewis upande wa magharibi na vilima vya kisiwa cha Hoy upande wa mashariki.

Msimu

Ndege wa baharini hujaa Mei hadi Julai: gilemoti waliopangana kwenye vijukwaa vya mwamba, shakwe wa kitiweki, na pafini wenye midomo ya rangi. Anayekuja kwa ajili ya pafini afike kabla ya Julai kwisha. Mapema Agosti huwa wamekwenda baharini. Ndege aitwaye fulma akiwa kiotani umpitie mbali, kwani hutema mafuta yanayonuka ambayo nguo haiyasahau. Juni mchana ni mrefu mno: jua huzama karibu saa nne na nusu usiku. Desemba mchana ni saa sita na kidogo tu, boti hakuna, na safari ni ya wataalamu.

Usubi huanza Juni. Rasini upepo huwafukuza, hivyo shida iko gatini, kwenye mabonde na mahemani, asubuhi na jioni zilizotulia. Chandarua cha kichwa ni kitu chepesi kuliko majuto. Kupe wako kwenye magugu: suruali ndefu, na ujikague jioni.

Hata Julai, vaa nguo za tabaka, koti na suruali ya kuzuia mvua, kofia na glovu. Nyuzi joto 13 zenye upepo na mvua humchosha mtu haraka kuliko anavyodhani. Beba ramani ya karatasi. Ile ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, namba 446 inaonyesha rasi yote. Simu haishiki sehemu kubwa ya njia, na ujumbe mfupi mara nyingine hupita pale ambapo sauti haipiti. Sajili simu yako mapema kwa kutuma neno "register" kwenda 999, namba ambayo baadaye utaweza kuitumia kwa ujumbe wa dharura. Ukipiga kwa tukio la ukingoni au ufukweni, omba Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

Kabla ya kuondoka Durness, mwachie mtu karatasi yenye njia yako, saa ya kurudi, na saa ambayo ikipita bila habari zako apige simu. Ukirudi, mwambie umerudi.