Geuza Begi Ndani Nje Kabla Hujauliza Bei

Juu ya meza yangu ya kazi kuna kopo lililojaa vichwa vya zipu, vyote vimekufa. Nimevikusanya kwa miaka 11 niliyokaa kwenye cherehani nikikarabati mabegi. Mtu akija kuniuliza anunue begi gani la mgongoni, la bei chee au lile la bei ya kutisha, huwa namwaga kopo hilo mbele yake kwanza. Yeye anategemea nimweleze habari za kitambaa, na kitambaa si mgonjwa wangu wa kila siku. Ninacholetewa ni zipu zisizofunga, mikanda iliyong'oka begani na mishono iliyoachia, huku kitambaa chenyewe kingeweza kuishi miaka mingine mitano.

Basi nitakueleza namna ya kulikagua begi kama ninavyolikagua mimi likiwa limeshavunjika, ila wewe ulikague likiwa bado jipya na pesa ingali mfukoni mwako.

Mzigo kwanza

Kabla hujafikiria begi, mwaga kitandani kila kitu unachobeba siku ya kawaida. Nasema siku ya kawaida, si siku ya safari. Kisha vipime. Panda kwenye mizani ukiwa mikono mitupu, halafu panda tena umevikumbatia. Vyangu vilikuwa hivi: laptopu kilo 1.4, chaja na nyaya zake gramu 400, chupa ya maji ya lita 1 (maji pekee ni kilo 1, na chupa yangu ya chuma inaongeza gramu 350), madaftari mawili, koti jepesi la mvua, na kipochi cha sindano na mkasi ambacho sitoki bila hicho. Jumla karibu kilo 4.2. Vyote vinaingia kwenye begi la lita 18 na nafasi inabaki.

Mtu mwenye laptopu na mambo ya kawaida atatosheka na lita 18 hadi 22. Niliwahi kununua la lita 32 kwa hoja kwamba nafasi haiozi. Kweli haikuoza, ilijaa. Karibu mwaka mzima nilitembea na koleo, chupa ya gundi na mita 2 za utepe, na sikuvigusa njiani hata siku moja.

Usiamini sana hesabu ya lita iliyoandikwa kwenye lebo. Ipo njia maalumu ya kujaza begi kwa vipira vya plastiki vya milimita 20 na kupima ujazo wake, lakini wapo watengenezaji wanaohesabu hadi mfuko wa chupa ulio nje, na wapo wasiouhesabu. Nenda dukani na vitu vyako, uvitie ndani na ulivae begi. Sehemu yake ya chini isishuke kupita makalio, na mgongo wake usiwe mrefu kuliko wako. Muuzaji akikununia, hilo nalo ni jibu.

Zipu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Geuza kichwa cha zipu utazame mgongo wake. Mara nyingi kuna namba: 3, 5, 8, 10. Namba hiyo inakaribiana na upana wa meno katika milimita zipu ikiwa imefungwa. Kwenye mdomo mkubwa wa begi la kila siku sipendi kitu chini ya 5, na nikikuta 8 au 10 nafurahi. Namba 3 ikae kwenye kimfuko cha funguo. Iking'ang'anizwa kufunga begi lenye laptopu, najua nitakutana nayo koponi.

Utaona pia herufi YKK kwenye zipu nyingi. Ni kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1934 na Tadao Yoshida, na zipu zake ni nzuri. Lakini herufi tatu ni rahisi kughushi, na begi linaweza kuwa na zipu hiyo mdomoni huku mifuko mingine ikiwa na zipu ya ovyo. Kwa hiyo zikague zote, moja moja.

Kinachokufa kwanza si meno. Kichwa kina mabati mawili, la juu na la chini, yanayobana meno yaingiane. Kila unapovuta, vumbi linayasugua kama msasa, na mwanya kati ya mabati unapanuka. Siku moja kichwa kinapita vizuri lakini nyuma yake meno yanaachana. Ukikibana kwa koleo pole pole, upande mmoja halafu wa pili, utapata wiki kadhaa, pengine miezi. Tiba ya kweli ni kubadilisha kichwa, na kama meno ni mazima haichukui hata nusu saa. Kumbe wengi hulitupa begi zima kwa ajili ya kipande cha bati kisichozidi ukucha.

Dukani fanya hivi: jaza begi, kisha lifunge kwa kidole kimoja ukipita kwenye kona. Zipu ikikwama konani ilhali ni mpya, kona ile ni kali mno na itaila. Chungulia na bitana pia. Ikiwa imeshonwa karibu sana na meno, itang'atwa kila siku. Na zipu zile zenye utando wa kuzuia maji? Zinapendeza, ila ni ngumu kuvuta, na utando huchubuka palepale kichwa kinapopita. Mimi naona kifuniko cha kitambaa juu ya zipu ya kawaida kinatosha.

Mshono na mikanda

Sasa ligeuze begi ndani nje. Kama bitana haiachi uone mishono, ingiza mkono upapase. Unatafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni akiba ya mshono, yaani kile kipande cha kitambaa kilichobaki nje ya uzi. Kwenye mabegi ya harakaharaka nakuta milimita 3 au 4 tu, kingo ziko wazi na nyuzi zinachambuka. Nailoni na poliesta huchambuka zenyewe kila begi linapotikisika, na zikishachambuka hadi kwenye uzi, mshono unaachia ingawa uzi haukukatika. Sentimita 1 iliyofunikwa kwa utepe ni kazi ya mtu aliyekusudia begi lidumu. Hiki ndicho kipimo changu cha siri; kinanipa ukweli kuliko lebo yoyote.

Cha pili ni pale mikanda inapoungana na mwili wa begi, juu na chini. Mkanda ulioshikwa na mstari mmoja wa uzi utang'oka, ni suala la tarehe tu. Tafuta mshono wa kisanduku chenye alama ya X ndani yake, au zile zigizaga fupi nene zilizorudiwarudiwa mpaka zinaonekana kama kipande cha chuma. Chini, utepe wa kurekebishia urefu uwe umeshikwa na pembetatu ya kitambaa iliyozama kwenye mshono wa pembeni, si kuchomekwa tu. Kisha libebe begi likiwa limejaa kwa mkanda mmoja, ulitikise. Ukisikia tiki tiki za uzi, mrudishie mwenyewe kwa adabu.

Kuhusu sponji, usidanganywe na unene. Sponji laini nene hukupokea vizuri dukani, na baada ya miezi michache inakuwa kama karatasi. Ibinye kwa vidole viwili: ikiwa vidole vinakutana, iache. Inayotakiwa ni ile inayokataa kidogo halafu inarudi haraka. Mkanda mpana wa sentimita 6 au 7 wenye sponji ngumu nyembamba utakutunza bega kuliko mkanda wa upana mdogo uliovimba kama mto. Mkanda wa kifuani ni mzuri kwa kuzuia mikanda isiteleze. Wa kiunoni, kwa mzigo wa kilo 4 au 5, ni pambo la kunasa kwenye viti vya basi.

Jambo moja la wenye laptopu: gusa chini ya mfuko wake. Unatakiwa uning'inie, uishie sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ya begi. Mwanafunzi mmoja aliniletea begi nibadilishe zipu, na laptopu ilikuwa imepasuka kona. Mfuko wake ulifika hadi chini, kwa hiyo kila alipolitua begi sakafuni, laptopu ndiyo iliyotangulia kugonga.

Kitambaa, kwa ufupi

Utaona 420D, 600D, 1000D. Hiyo D ni denia: uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ni uzi mnene zaidi, basi. Haikwambii uzi ni wa nini. Kwa unene uleule, nailoni nzuri huhimili kusuguliwa kuliko poliesta, wakati poliesta huvumilia jua zaidi na hunywa maji kidogo. Poliesta ya 600D ndiyo kitambaa cha mabegi mengi ya bei nafuu, na haina ubaya wowote ikishonwa na mtu makini. Mabegi ya bei kubwa hupenda kutangaza nailoni ya balistiki, ambayo asili yake ni makoti ya kuwakinga wanajeshi na vipande vya mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Imara kweli, lakini nzito, na sijaona ofisi inayohitaji kinga hiyo. Vitambaa vigumu vya namna hiyo pia husugua shati ubavuni mpaka linatoa manyoya.

Angalia zaidi upande wa ndani wa kitambaa, kwenye utando wa poliyurethani unaozuia maji. Utando huo huozeshwa na joto na unyevu: unanata, unanuka kama matapishi, kisha unabanduka kama ngozi ya nyoka. Nimeletewa begi la bei kubwa lililotunzwa kabatini miaka 8 bila kubebwa, mwenyewe akilihifadhi kwa siku maalumu. Nje lilikuwa jipya kabisa. Ndani liliniachia unga mweupe kwenye viganja, na sikuwa na la kumfanyia. Ukinunua begi lililokwisha tumika, tia pua ndani kabla ya kutia macho.

Je, la bei kubwa linastahili?

Nikiyapanga kwa bei, ya chini, ya kati na ya juu, tofauti ninazoziona kwa sindano yangu ziko hivi. Kutoka chini kwenda kati, pesa yako inaingia kwenye zipu, uzi, sponji na akiba ya mshono. Hiyo ni pesa halali. Kutoka kati kwenda juu, inaingia kwenye jina, ubunifu, kitambaa adimu na dhamana. Baadhi ya hayo utayatumia, mengine utayatazama tu.

Jina lenyewe halibebi mzigo. Chukua Kånken ya Fjällräven, begi maarufu lililozaliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wanafunzi wa Uswidi. Toleo lake la kawaida ni lita 16, na mikanda yake ni mitepe bapa isiyo na sponji. Kwa vitabu vichache linafaa sana. Ukilipakia kilo 7 bega lako halitajali umelinunua kwa kiasi gani.

Dhamana isome yote. "Maisha" yanayotajwa mara nyingi ni maisha ya bidhaa, si yako, na uchakavu wa kawaida huwa hauhesabiki. Uliza pia nani analipa gharama ya kulisafirisha begi kwenda kutengenezwa. Na masharti hubadilika: L.L.Bean ya Marekani, iliyosifika miaka mingi kwa kupokea bidhaa yake wakati wowote, mwaka 2018 iliweka ukomo wa mwaka mmoja wa kurudisha.

Halafu kuna mabegi ya kifahari yaliyounganishwa kwa gundi na joto badala ya uzi. Yanapendeza mno. Yakiharibika siwezi kuyafungua bila kuyachana, kwa hiyo nayarudisha jinsi yalivyokuja. Kabla ya kulipa bei ya juu, jiulize kama fundi wa kawaida ataweza kubadilisha zipu na vifungo vyake.

Hesabu yangu ni ya kugawanya. Begi la bei ya chini lilinipa miaka 2 na ukarabati mmoja. La kati nililonalo, lililogharimu kama mara tatu ya lile, limeingia mwaka wa 8, na limebadilishwa vichwa vya zipu mara mbili. Begi la bei mara tisa ya lile la chini lingetakiwa kunifikisha miaka 24 ili tu kulingana na la kati kwa kasi hiyo, na kwa jinsi ninavyoijua poliyurethani, sitasubiri kuona.

Lakini mpiga picha anayebeba kilo 9 za vifaa kila siku, au mtu anayeendesha baiskeli kwenye mvua mwaka mzima, ninamwambia alipe bila kusita. Mgongo na vifaa vyake ni ghali kuliko begi. Mtoto anayekua, mtu anayesahau vitu kwenye magari, na anayebadili begi kila mtindo ukibadilika, hao wabaki kwenye bei ya chini hadi ya kati.

Ukinunua mtandaoni huna mkono wa kupapasa, basi tafuta picha ya ndani. Muuzaji asiye na picha ya ndani ana sababu zake. Soma pia uzito wa begi tupu: la lita 20 lenye kilo 1.6 limeshakubebesha chupa ya maji na nusu kabla hujatia kitu. Kati ya gramu 600 na 1,100 ni sawa. Na hakikisha unaweza kulirudisha, kwa sababu siku likifika, jambo la kwanza utakalofanya ni kuligeuza ndani nje.